Ukibakiwa na siku tatu China, mpeleke mama Quanzhou

Kwa Watanzania wengi China ni miji miwili: Guangzhou na Yiwu. Mtu anatua, analala hoteli iliyo karibu na soko, anazunguka maduka ya nguo, vipuri au vyombo kwa wiki nzima, anafunga mzigo na kurudi. Wapo wafanyabiashara wa Kariakoo ambao wameshakwenda zaidi ya mara kumi, na ukiwauliza China ikoje watakueleza bei za jumla.

Mambo hubadilika safari inapobeba familia. Binti anayefuata mzigo anaamua safari hii aende na mama yake. Wazazi wanakwenda kwenye mahafali ya mtoto aliyemaliza chuo. Shughuli iliyowapeleka inakwisha, zinabaki siku tatu kabla ya ndege ya kurudi, na hapo linazuka swali: tumpeleke wapi mama akaione China?

Jibu la haraka huwa Beijing au Shanghai, kwa kuwa ndiyo majina tunayoyajua. Kwa familia yenye mzee au mtoto mdogo, si jibu zuri. Kila mmoja wa miji hiyo una watu zaidi ya milioni 20. Kutoka kivutio kimoja hadi kingine unaweza kutumia saa nzima ndani ya treni za chini ya ardhi, kupanda na kushuka ngazi, na Ukuta Mkuu wenyewe ni ngazi tupu. Siku tatu zinaishia njiani, na mama anarudi na picha mbili na magoti yaliyovimba.

Upo mji mwingine ambao haumo kwenye midomo ya watu wetu. Unaitwa Quanzhou, uko mkoa wa Fujian, pwani ya kusini mashariki, ng'ambo ya bahari kutoka Taiwan. Ukihesabu wilaya zake zote una watu zaidi ya milioni nane, kwa hiyo si kijiji. Lakini mji mkongwe, ambao ndio wa kwenda kuuona, unatembeleka kwa miguu.

Bandari iliyofahamiana na Kilwa

Sababu ya kwanza ya kuchagua Quanzhou ni kwamba Mswahili hafiki pale kama mgeni kabisa. Msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alifika Kilwa mwaka 1331 na kuusifu uzuri wake. Katika miaka ya 1340 alifika China na kuisifu bandari aliyoiita Zaitun kuwa miongoni mwa bandari kubwa kuliko zote duniani. Zaitun ndiyo Quanzhou ya leo. Vigae vya kauri za China vilivyochimbuliwa Kilwa Kisiwani ni ushahidi wa biashara iliyofanywa baharini katika karne hizo, na mpaka leo Dehua, wilaya iliyo chini ya Quanzhou, inajulikana kwa kauri nyeupe.

Mwaka 2021 Unesco iliuingiza mji huu katika orodha ya Urithi wa Dunia, ikitaja maeneo 22 yanayoeleza biashara ya karne ya 10 hadi ya 14. Msikiti wa Qingjing uko katikati ya mji, na maandishi yake ya Kiarabu yanasema ulijengwa mwaka 400 wa Hijria, sawa na 1009 au 1010 Miladia. Paa la ukumbi wa kuswalia limekwisha kuanguka, lakini kuta za mawe na lango refu la kuingilia vimesimama. Upande wa mashariki, kwenye kilima cha Lingshan, yapo makaburi mawili ambayo mapokeo ya wenyeji yanasema ni ya masahaba waliokwenda kueneza Uislamu. Pembeni yake limesimama jiwe linaloeleza kuwa mwaka 1417 amiri wa jeshi la majini, Zheng He, alifika hapo kufukiza ubani kabla ya kusafiri. Safari hiyo ya merikebu zake ndiyo iliyofika Mogadishu na pwani ya Afrika Mashariki.

Mama aliyekulia Bagamoyo, Lindi au Unguja atayaelewa haya bila kutafsiriwa sana.

Kuna Quanzhou mbili

Kabla ya kununua tiketi kuna mtego mmoja wa kuuruka. Majina Guangzhou, Quanzhou, Fuzhou na Hangzhou yanafanana masikioni, na mtu aliyechoka anaweza kubofya jina lisilo lake. Ubaya zaidi, mkoa wa Guangxi una wilaya ambayo nayo huandikwa Quanzhou kwa herufi zetu, na ina stesheni yake ya treni. Umbali kati ya mji huu na wilaya hiyo ni mamia ya kilomita.

Dawa yake ni kutafuta mji kwa maandishi ya Kichina: 泉州. Alama ya kwanza maana yake ni chemchemi. Ile wilaya ya Guangxi inaanza na alama nyingine. Zaidi ya hayo, mji wenyewe una stesheni zaidi ya moja za treni ya mwendokasi: Quanzhou, Quanzhou Mashariki na Quanzhou Kusini. Iliyo karibu zaidi na mji mkongwe ni ile isiyo na nyongeza ya upande. Hizo nyingine zitakuongezea safari ndefu ya teksi.

Kutoka Guangzhou treni ya mwendokasi huchukua kati ya saa nne na sita, kutegemea ni treni ipi. Wanaotokea Xiamen wanafika kwa nusu saa au zaidi kidogo. Mji una uwanja wake wa ndege, uko Jinjiang, na kwa mzee mwenye maumivu ya mgongo ndege ya ndani huenda ikafaa zaidi. Tiketi za treni hufunguliwa siku 15 kabla ya safari na hukatwa kwa namba ya pasipoti, hivyo jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Mtoto wa miaka sita hadi chini ya 14 analipa nusu.

Mizigo ya biashara ikabidhiwe kwa wasafirishaji Guangzhou kabla ya kuondoka. Kuburuta mabegi manne ya nguo stesheni huku umemshika mama mkono si matembezi.

Ratiba ipangwe kwa mwendo wa mama

Tuchukue mfano wa familia ya watu watatu: mama wa miaka 61 mwenye kisukari na presha, binti yake mfanyabiashara na mjukuu wa miaka tisa. Makosa ya ratiba nyingi ni kupangwa kwa nguvu za binti. Yeye anaweza kutembea tangu asubuhi hadi usiku kwa chapati na soda. Mama hawezi, na mtoto akishachoka hakuna atakayefurahi.

Kwa hiyo kila siku iwe na jambo moja kubwa asubuhi, mapumziko hotelini mchana, na jambo moja jepesi jioni. Hoteli iwe ndani ya mji mkongwe, karibu na Mtaa wa Magharibi au Mtaa wa Tumen, hata kama bei imezidi kidogo. Tofauti hiyo inarudi kwenye nauli za teksi na kwenye miguu ya mama. Ulizeni mapema kama hoteli inapokea wageni wa kigeni na kama ina lifti, maana nyumba nyingi za zamani zilizogeuzwa hoteli zina ngazi tu.

Asubuhi ya kwanza iwe ya hekalu la Kaiyuan, lililoanzishwa mwaka 686. Kiwanja chake ni tambarare na chenye vivuli. Minara yake miwili ya mawe, mmoja wa mita 48 na mwingine 44, ilijengwa karne ya 13 na ikahimili tetemeko kubwa la ardhi la mwaka 1604. Ndani ya eneo hilohilo kuna ukumbi wenye mabaki ya meli iliyofukuliwa kwenye tope la bandari mwaka 1974. Ina urefu wa mita 24 na vyumba 13 vilivyotengwa ili maji yakiingia kimoja yasizamishe chombo kizima. Ilikuwa imebeba miti ya manukato, pilipili manga, ubani na ambari. Mjukuu aachwe hapo atazame anavyotaka. Ni kitu kimoja ambacho shuleni hatakisahau.

Siku ya pili ni Mtaa wa Tumen. Msikiti wa Qingjing, hekalu la Guan Yu lililojaa moshi wa ubani na hekalu la Confucius vyote viko karibu karibu, mwendo wa dakika chache. Jioni mwende Makumbusho ya Bahari, ila mkumbuke kwamba makumbusho mengi China hufungwa Jumatatu, na mlangoni huulizwa pasipoti.

Siku ya tatu, teksi hadi Daraja la Luoyang, kaskazini mashariki mwa mji. Lilijengwa kati ya mwaka 1053 na 1059, na wajenzi wake walipanda chaza kwenye misingi ili magamba yao yayashikamanishe mawe. Si lazima kulivuka lote. Mama akikaa kwenye ukingo akatazama mikoko na maji yanavyokupwa, inatosha.

Yapo mengine ya kuyaacha bila kujuta. Daraja la Anping lina urefu wa kilomita mbili hivi na liko mbali kusini. Mlima Qingyuan, wenye sanamu kubwa ya mawe ya Laozi, ni mzuri lakini una kupanda. Kijiji cha Xunpu, ambako wanawake huvaa mataji ya maua kichwani na nyumba za kale zimejengwa kwa magamba ya chaza, kiwe cha akiba: siku ambayo mama ameamka na nguvu.

Homa ukiwa China

Hapa ndipo familia nyingi hazifikirii kabisa, na ndipo penye hatari kubwa kuliko kupotea njia.

Juni 30, 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliitangaza China kuwa nchi isiyo na malaria. Ni mafanikio makubwa, na dawa ya mseto tunayomeza hapa nyumbani ilitokana na utafiti wa China; Tu Youyou, mwanasayansi aliyeigundua artemisinini, alipata tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini kwa msafiri wa Tanzania habari hiyo njema ina upande wa pili. Daktari wa mji kama Quanzhou hakutani na malaria katika kazi zake za kila siku. Akiletewa mama mwenye homa, maumivu ya viungo na kichefuchefu, atafikiria mafua, korona au chakula kibaya. Hataifikiria malaria ya kwanza kama tunavyoifikiria sisi.

Dalili za malaria kwa kawaida huanza siku 10 hadi 15 baada ya kung'atwa na mbu. Maana yake ni kwamba mama aliyekwenda kuaga ndugu Kilombero wiki moja kabla ya safari anaweza kupanda ndege akiwa mzima na homa ikampandia akiwa katikati ya matembezi. Malaria ya aina iliyoenea kwetu isipotibiwa inaweza kuwa kali na kuua ndani ya saa 24 tangu dalili zianze. Hakuna nafasi ya kusubiri ifike Jumatatu au kurudi Dar es Salaam.

Yapo mambo mawili ya kufanya, na yote ni rahisi. La kwanza, wiki mbili za mwisho kabla ya safari kila mtu alale ndani ya chandarua chenye dawa, hata kama anaona joto. La pili, kila msafiri awe na kadi ndogo iliyoandikwa Kichina: jina, umri, magonjwa aliyonayo, dawa anazotumia kwa majina ya kitaalamu, na sentensi hii, "Nimetoka Tanzania ambako kuna malaria. Nikipata homa, tafadhali nipimeni malaria." Kwa Kichina malaria huitwa nüeji, na huandikwa 疟疾. Mwanafunzi wa Kitanzania aliyeko China au mkalimani wa sokoni ataiandika kwa dakika tano. Homa ikija, nendeni hospitali kubwa ya mji, si kliniki ya mtaani, na kadi itolewe kabla ya maelezo mengine yoyote. Gari la wagonjwa linaitwa kwa namba 120, polisi kwa 110.

Hospitali nyingi China huomba malipo kabla ya huduma. Bima ya safari isikatwe kwa ajili ya viza tu. Isomwe inalipa nini, na kama inamkubali mtu mwenye kisukari na presha.

Dawa, miguu na sahani

China iko mbele ya Tanzania kwa saa tano. Anayetumia insulini amuulize daktari wake mapema dozi ya siku ya kusafiri apangeje, maana ukielekea mashariki siku inafupika na sindano mbili zinaweza kukaribiana. Insulini iwe kwenye begi la mkononi. Ikiwekwa kwenye mizigo ya chini inaweza kuganda kwa baridi na kuharibika. Dawa zote zikae kwenye pakiti zake, pamoja na barua ya daktari.

Dawa kali za maumivu zenye kodeini au tramadoli ziko chini ya udhibiti. Asibebe mtu bila cheti. Na kwa sababu hiyohiyo, usipokee kifurushi cha mtu cha "kumpelekea ndugu", awe jirani au mtu wa kanisani. Wapo Watanzania waliofungwa China na Hong Kong kwa dawa za kulevya, na sheria ya China inafikia adhabu ya kifo.

Ndani ya ndege inayokwenda zaidi ya saa kumi, mama asimame na kutembea kila baada ya muda ili damu isigande miguuni. Viatu vyake vipya vivaliwe wiki mbili nyumbani kabla ya safari, na kila usiku hotelini binti aangalie nyayo za mama. Mwenye kisukari anaweza kuchubuka asisikie.

Chakula cha Quanzhou ni kitamu na kina mitego. Vipo chapati za mayai na chaza, tambi nyembamba kwenye mchuzi mzito, supu tamu ya karanga, supu ya nyama ya ng'ombe. Mwenye mzio wa karanga au wa viumbe vya baharini aandike nalo kwenye kadi. Mwenye kisukari ajue kuwa bakuli moja la tambi ni wanga mtupu, hivyo aongeze mboga na apunguze tambi. Mafuta ya nguruwe huingia hata kwenye vyakula visivyoonekana kuwa na nyama. Kwa Waislamu, migahawa yenye alama 清真, hasa ya tambi za Lanzhou, hupatikana katika miji mingi ya China. Maji ya bomba hayanywewi bila kuchemshwa, ila karibu kila chumba cha hoteli kina birika la umeme. Chai ya Tieguanyin inatoka Anxi, wilaya ya Quanzhou, na hunywewa bila sukari. Kwa mama wa kisukari ndicho kinywaji cha kumzoesha.

Yaliyobaki

Mtanzania anahitaji viza kabla ya kuondoka. Yenye kuingia mara moja ikishatumika imekwisha: ukitoka kwenda Hong Kong kutembea huwezi kurudi Guangzhou kuchukua mizigo. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ibebwe, hasa kwa wanaounganisha ndege Addis Ababa. Tangu 2016 chanjo moja ni ya maisha.

Malipo mengi China hufanyika kwa simu. Alipay na WeChat hukubali kadi za benki za kigeni, lakini ziunganishwe na kujaribiwa mkiwa bado nyumbani, huku yuan chache za noti zikiwa mfukoni. WhatsApp na Google hazifanyi kazi kwenye mitandao ya kule. Laini ya Tanzania iliyofunguliwa huduma za nje kwa kawaida huvuka kizuizi hicho, lakini ni ghali, hivyo ndugu mmoja nyumbani awe na WeChat. Baba asipopata ujumbe siku mbili atadhani mmefikwa na jambo.

Kuhusu msimu, Juni hadi Septemba ni joto kali na unyevunyevu, na kuanzia Julai vimbunga husimamisha treni. Wiki ya Oktoba 1 hadi 7, na siku za mwaka mpya wa Kichina kati ya mwishoni mwa Januari na Februari, China nzima iko safarini. Likizo ya Desemba ya shule zetu ndiyo inayofaa: hakuna mvua nyingi, baridi ni ya sweta, na mjukuu yuko huru. Ila msipange kutoka Quanzhou siku ileile ya ndege ya Dar es Salaam. Laleni Guangzhou usiku mmoja, mama anyooshe miguu.